Aliyebaki Dirishani

Jumatatu, tarehe nne Machi, mwaka 2024, ndiyo siku mambo ya Antipasi yalipoharibika moja kwa moja. Mkewe Emiliana alishazikwa zamani, na hilo alikuwa amelimeza kwa shida. Lakini asubuhi hiyo alimbeba mgongoni binti yao Damari kutoka Mwankoko mpaka hospitalini, mtoto anachemka, shingo imelegea. Na Antipasi alijua kabisa la kusema akifika.

La kusema alifundishwa na Sista Klara. Damari alikuwa na saratani ya damu. Dawa alikuwa anachomwa Dodoma, kisha anarudi nyumbani. Klara ndiye muuguzi pekee pale hospitalini aliyepelekwa kusomea kuhudumia watoto wa namna hiyo, na alimweleza Antipasi mpaka yakamwingia.

"Baba, hizi dawa zinaua ugonjwa, lakini zinaua na askari wa mwili. Akipata homa, hata ndogo, hiyo si homa ya kungojea. Njoo hapo hapo, useme: huyu yuko kwenye dawa za saratani, ana homa, anatakiwa sindano sasa hivi."

Akasema hivyo hivyo, neno kwa neno, dirishani pale mapokezi. Ndani alikaa binti mmoja, Janeth, amevaa sare mpya ya uuguzi.

"Mzee, wote hao unaowaona wana homa," Janeth akamjibu, wala hakuwa na ubaya. "Kapime malaria kwanza, halafu urudi kwenye foleni."

"Sista Klara yuko wapi?"

"Yuko na wageni."

Mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Baba, hata mimi nachemka hapa. Au homa zetu ni za plastiki?" Watu wakacheka. Antipasi akakaa, mtoto mapajani.

Wakubwa wa hospitali walikuwa wamemtoa Klara wodini tangu asubuhi. Walimsimamisha chini ya turubai, kofia imenyooshwa pasi, awaeleze wageni jinsi hospitali inavyowajali watoto wenye saratani. Kipimo cha Damari hakikuonyesha malaria. Klara alipopata taarifa alikuja anakimbia, viatu mkononi, na sindano ile Damari alichomwa. Lakini mtoto alikuwa ameshaacha kulia, na hakulia tena.

Wakubwa walileta pole na katoni ya maji kwenye msiba. Antipasi maji yale hakuyanywa. Aliyachukua akanyweshea kuku.

Mwaka ukazunguka. Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa Klara alipotokea nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwingine amekufa?"

Klara akajivutia kigoda mwenyewe. "Kuna semina, baba. Ya wauguzi, kuhusu watoto wenye saratani. Nimehangaika nayo sana mpaka wamekubali. Nataka mzazi aje aseme."

"Mwambie mkubwa wako aseme. Si ndiye anayejua kuongea na wageni?"

"Kuna mtoto kule Mgori, anaitwa Derick. Ameanza dawa zile zile. Mama yake nimemfundisha maneno yale yale."

Antipasi alikuwa anapukuchua mahindi. Mikono ikasimama.

"Na wa dirishani, nao umewafundisha?"

"Ndiyo maana ya semina, baba."

Basi akaenda. Alivaa koti lile alilomzikia mke, akamzikia na mtoto. Njia nzima alikuwa anapanga matusi. Alikusudia kumsimamisha mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yote ile, amwulize mbele za watu wageni walikula nini siku ile.

Ukumbini watu walijaa, sambusa mkononi. Jirani yake alikuwa mwanamume mnene mwenye funguo shingoni.

"Na wewe unachoma watoto sindano?" Antipasi akamwuliza.

"Mimi nachoma mafuta, mzee. Dereva."

"Sasa semina ya nini?"

"Jina langu lilipangwa, na posho ipo, nikatae?"

Mbele alikaa mtunza stoo, na wa mapato, na wale wa ofisini. Wauguzi walikuwepo, wa kuhesabika kwa vidole. Klara alipomwita, Antipasi alisimama, akazipitia nyuso moja moja. Matusi yote yakamkauka.

"Yule binti wa dirishani yuko wapi?"

Mganga mfawidhi akajibu kwa upole, maana si mtu wa kelele. "Mzee, hospitali haifungwi. Lazima mtu abaki kazini."

"Ndiyo huyo niliyemfuata mimi."

Akatoka. Klara alimwita, hakugeuka. Akaenda mapokezi, akakaa foleni kama siku ile, benchi lile lile. Watu walikuwa wengi na wote wanachemka. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, mzee. Kadi ya mgonjwa?"

"Mgonjwa wangu alikufa."

Janeth akainua uso. Akamtambua, akaweka kalamu chini. "Baba Damari."

"Sikuja kukugombeza, mwanangu. Nisikilize." Akamwambia yote, habari za askari wa mwili, na homa isiyongojea, na maneno ambayo mama yule wa Mgori atakuja kuyasema. Akamwambia ayarudie. Janeth akayarudia huku machozi yanamdondoka.

"Mbona mimi hakuna aliyeniambia?" akauliza.

"Wanaambiwa leo, kule ukumbini."

"Mimi sikupangwa. Mimi wa kujitolea tu, baba." Akajifuta kwa kiganja. "Na Ijumaa namaliza muda wangu. Jumatatu anakuja mwingine."

Antipasi alishika kizingiti cha dirisha. Alikuwa ameanza kuona kama mzigo umeshuka kidogo. Ukampanda tena wote, mbichi vile vile.

Aliporudi, semina ilikuwa imekwisha. Wamejipanga nje kwenye ngazi kupigwa picha, dereva amekaa mbele, na Klara wamemsukuma pembeni kabisa. Antipasi akaenda akasimama katikati, kati yao na mpiga picha.

"Mzee, tupishe kidogo," mtu akasema.

Hakupisha. Koti lake lilikuwa na vumbi la benchi. Alimtazama mganga mfawidhi, mganga mfawidhi akamtazama matroni, mkubwa wa wauguzi, matroni akamtazama Klara, na Klara akainamisha kichwa.

"Jumatatu," Antipasi akasema, "huyo mama wa Mgori akija hapa na Derick mgongoni, aseme maneno yote kama alivyofundishwa, ni nani atakayekuwa dirishani wa kuyaelewa?"