Modesta Atajwe

Sherehe zetu haziendi bila utambulisho, na utambulisho haukuwahi kumfikia Modesta. Mwenyekiti wa kamati atasimama apunge mkono. Mpambaji wa ukumbi atasimama. Mpishi, hata kama pilau limeshika chini, atasimama na kofia yake nyeupe. Hata aliyeleta viti kutoka Butimba ataitwa apigiwe makofi. Aliyeoka keki ambayo watu watapiga nayo picha mpaka simu ziishiwe chaji, yeye atakuwa nyuma ya nguzo na kisu chake kilichofungwa utepe, akingoja.

Zamani jambo hilo halikumsumbua. Alijifundisha kuoka mwenyewe, nyumbani kwake Mkolani, kwa sufuria juu ya jiko, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Maua ya sukari nayo hakufundishwa na mtu. Siku moja alijikuta anafinyanga donge la sukari vidoleni, waridi likatoka, akamwita mumewe Venant aache kunawa aje aone. Tangu hapo alikuwa akiamka, anawasha moto, na kabla ya kuvunja yai la kwanza anasema, "Asante Mungu kwa mikono hii." Alisema kwa sauti, kuku wakimsikiliza, na siku yake ikaanza vizuri.

Kisha akaanza kutazama kwenye simu waokaji wa Dar es Salaam, wamesimama kando ya keki zao kama mawaziri, majina yao yameandikwa kwa dhahabu. Shukrani ya asubuhi ikafupika, halafu ikasahaulika kabisa, na mahali pake pakakaa kinyongo. Venant alipomwambia kwamba keki ikiisha sahanini hiyo ndiyo sifa yenyewe, alimjibu kuwa hata ng'ombe humaliza majani na hawamuulizi aliyeyakata. Venant akarudi kwenye redio yake.

Ndipo ikaja harusi ya Prudencia, nesi, binti wa watu wa Muleba. Aliagiza keki kubwa pamoja na zile ndogo ambazo maharusi huwapelekea wazazi kuwashukuru kwa malezi.

"Ila dada Modesta, mama yangu haoni," alisema. "Macho yalimpotea mimi nikiwa sekondari. Ya kwake sijui uifanyeje. Wewe fanya tu unavyojua."

Maneno hayo yalimkaa Modesta kichwani. Keki ya kupambwa ni ya nini kwa mtu asiyeona? Akamuuliza Prudencia, mama alipenda nini alipokuwa anaona. Prudencia akacheka, akasema kahawa ikichanua, mama alikuwa anaacha jembe na kusimama katikati ya shamba, ananusa tu, mpaka baba amwite. Modesta ni Msukuma wa Magu, anajua ua la pamba. La kahawa alilitafuta kwenye picha. Akaumba tawi, na kwenye kila kifundo cha tawi akapanga maua meupe ya petali nyembamba, akayafanya magumu na ya kusimama ili kidole kiweze kuyasoma. Kazi hiyo aliifanya akiimba. Utambulisho hakuukumbuka hata kidogo. Alikuwa na furaha na hakujua kwamba anayo.

Siku ya harusi, alipojitazama kwenye kioo na gauni lake jipya la kitenge, kinyongo kikarudi. Gauni lile livaliwe nyuma ya nguzo? Akawahi ukumbini Nyegezi kabla ya wageni, akamkuta Luhende, mshereheshaji, anajaribu kipaza sauti.

"MC, leo nitajwe."

"Utatajwa, dada. Kwani nani hatajwi?"

"Mimi. Na usinitaje mwanzoni watu wakiwa wanatafuta viti. Nitaje mama wa bibi harusi anapopokea keki yake, hapo kila mtu anatazama. Na namba ya simu uitaje."

Luhende akajikuna shingo. "Pale pana machozi pale, dada."

"Ndiyo maana nimepachagua. Mwanao si anapata kipaimara mwaka huu? Keki yake niachie mimi."

Luhende akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Sherehe ilikuwa ya mchana, kwa sababu maharusi walikuwa na ndege ya jioni kwenda Mtwara, ambako bwana harusi, Pius, ana kazi. Upepo wa ziwa uliingia madirishani na kuinua vitambaa vya meza. Utambulisho ulipita, viti vya Butimba vikapigiwa makofi, na Modesta akatulia akijua zamu yake inakuja.

Keki kubwa ikakatwa. Prudencia akachukua ile ndogo, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake. Mama Bernadetta alikuwa ameinuliwa na mdogo wake, amesimama wima katika vazi lake la kijani. Wazazi wengine hapo hufungua kinywa walishwe. Yeye alinyoosha mkono, akapata sahani, akapata ua. Kidole kikasimama. Kikahama kwenye kifundo cha pili, na cha tatu, polepole, mpaka Luhende mwenyewe akamwashiria DJ ashushe muziki.

"Kahawa," alisema mama. Kipaza sauti kilikuwa karibu, ukumbi mzima ukamsikia. "Hii ni kahawa imechanua."

Watu wakanyamaza, hata wale wa meza za nyuma waliokuwa wanadai soda. Modesta akachungulia kutoka nyuma ya nguzo. Kitu alichokiumba jikoni, kati ya kuku na ndoo za maji, kilikuwa kimemrudisha mama huyu shambani kwake, na yeye amejaliwa kukiona. Hakutaka kingine. Akasema asante, ile ya zamani, kimoyomoyo.

"Prudencia, sogea nikushike," mama aliendelea. "Kuna neno mama yangu aliniambia siku naondoka kwetu, na mimi leo..."

Hapo ndipo Modesta akakumbuka alichokiagiza. Akamtazama Luhende. Luhende alikuwa ameshainua kiganja, anasoma. Modesta akatoka nyuma ya nguzo akimpungia mikono yote miwili, usiseme, usiseme. Luhende, mtu wa kutimiza ahadi, akaelewa kwamba anaharakishwa.

"Na keki hiyooo! Imeletwa kwenu na fundi mwenyewe, Modesta wa Mkolani! Yule pale ameinua mikono! Makofi hayatoshi! Andikeni namba ya simu!"

DJ akapandisha muziki. Vigelegele vikapigwa. Mpiga picha akageuka na taa zake, akamkuta Modesta katikati ya ukumbi na mikono juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Luhende akataja namba, akairudia kwa walio nyuma. Modesta hakumwona mtu mwingine ila mama Bernadetta, mkono wake bado uko hewani unatafuta uso wa mtoto, kinywa kikifumba taratibu. Mdogo wake akamrudisha kitini. Ratiba ikahamia kwa wazazi wa Pius.

Aibu ilimshika Modesta, akabaki palepale katikati ya ukumbi. Watu walikuja kumpongeza. Mama mmoja akamwonyesha kwamba namba ameshaihifadhi. Modesta alisema asante, asante, huku akitazama meza ya mama Bernadetta. Alikuwa amemnyang'anya kipofu maneno mdomoni, tena kwa kupanga, tena kwa kuhonga. Hakuwa na wa kumlaumu.

Magari yalipoanza kupiga honi nje, ukumbi ulihama wote kwenda kuaga. Mama Bernadetta alibaki kwenye meza yake na sahani mapajani, mdogo wake akiwa amekwenda kutafuta mkoba. Modesta akamwendea, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wameshaondoka?"

"Wanaingia kwenye gari."

"Haya. Nilikuwa na neno langu, yule wa kipaza sauti akanikata. Na kesho narudi Muleba." Akapapasa ukingo wa sahani. "Si neno la simu. Ni la kumshika mtu."

"Nipe mkono, mama. Twende."

Alimwongoza kati ya viti vilivyoachwa ovyo, akashuka naye ngazi akimhesabia. Nje aliwasukuma watu bila kuomba radhi, mwenyekiti wa kamati akiwemo. Gari la maharusi lilikuwa limeanza kusogea. Modesta akaligonga boneti kwa kiganja, dereva akafunga breki huku akimtukana. Kioo kikashushwa. Mama Bernadetta akaingiza mikono dirishani, akaupata uso wa Prudencia, akaushika pande zote mbili na kusema naye kwa Kihaya. Hakusema kwa haraka. Modesta alirudi nyuma kidogo. Kihaya hakijui, na alishukuru hakijui, maana neno lile halikuwa lake. Prudencia alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, akaibusu mikono ya mama yake, gari likaondoka.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alisema wakirudi, akiwa amemkamata mkono kwa nguvu. "Umenifanyia jambo kubwa. Wewe ni nani?"

Angeweza kusema ni mtu wa jikoni tu, na mama angeridhika.

"Mimi ni Modesta, mama."

Mama akapiga hatua mbili akifikiri. "Modesta yule wa namba ya simu?"

"Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

Mama hakuuachia mkono, maana ngazi zilikuwa mbele yao, lakini ile nguvu ya vidole ikapungua. Walipanda, Modesta akimhesabia tena. Mlangoni mama akasimama kupumua, akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Yale maua uliyaweza."

Modesta alitaka kusema asante, ikagoma kutoka. Akashukuru kwamba mama hauoni uso wake, kisha akaionea aibu hata shukrani hiyo.