Zaituna na Njiti Isiyowashwa

Jana Jumapili mchana, baada ya kula, nilijinyoosha kwenye kochi nikaota nimesimama ndani ya jiko nililoliandika mwenyewe.

Nililitambua mara moja. Kigae cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa na ufa, kwa sababu nilikipa ufa katika sehemu ya ishirini na mbili. Dirisha lilikuwa limegandishwa kwa rangi, halifunguki, kama nilivyosema. Na katikati ya jiko amesimama Zaituna, mkono wa kulia juu.

Inabidi nieleze. Mimi naitwa Tusekile. Siku za kazi natoa fotokopi na kuchapa barua za watu, hapa Mbeya. Jioni naandika simulizi kwenye ukurasa wangu mtandaoni, inaitwa Mjane wa Ghorofa ya Tatu, sehemu moja kila siku. Alhamisi niliweka sehemu ya arobaini na moja. Zaituna, huyo mjane, amefungiwa mlango kwa nje na shemeji yake. Shemeji amefungulia gesi kabla ya kuondoka. Umeme umekatika. Zaituna hajui lolote, anatoa njiti ya kiberiti, anainua mkono. Nikaishia hapo. Nilijipongeza sana.

Ijumaa niligundua sijui kinachofuata. Jumamosi wasomaji wakaanza kuniandikia kwa herufi kubwa.

"Umekuja," anasema Zaituna. Hanitazami. Macho yake yako kwenye njiti.

"Shusha mkono," namwambia.

"Uliandika nimeinua. Hukuandika nimeshusha. Siku ya tatu leo, dada Tuse. Bega silisikii."

"Na mimi bado navuja," unasema mtungi wa gesi kutoka pembeni. Una sauti ya mtu wa ofisini. "Navuja taratibu. Uliandika taratibu, nakushukuru, vinginevyo ningekuwa nimeshaisha."

Namuuliza Zaituna kama hasikii harufu.

"Nina mafua tangu sehemu ya thelathini na nane. Nilijiuliza sana yale mafua yalikuwa ya nini. Sasa nimeelewa."

Naona aibu. Natafuta kitu cha kuvunjia dirisha, lakini rafu ni tupu. Zaituna ananikumbusha kwamba shemeji alichukua vyombo vyote katika sehemu ya thelathini na tatu, mpaka mwiko. Nilitaka watu wamchukie zaidi.

"Basi nitaandika kwamba ilikuwa ndoto," nasema.

Mtungi unaacha kuvuja kwa mshangao, kisha unaendelea. "Ulishafanya hivyo sehemu ya tisa," unasema. "Nenda kaangalie ngazi."

Mlango uliofungwa kwa nje unanifungukia mimi peke yangu. Zaituna anautazama ukijifunga nyuma yangu.

Ngazi za jengo zina vidato arobaini na kimoja. Cha tisa hakipo. Pana uwazi tu, na chini yake giza. Watu wameweka ubao juu yake ili wapite.

Watu wenyewe ni wengi. Wamehamia. Wamekaa kila kidato, na magodoro, na ndoo, na watoto wanaolala. Mama mmoja anamenya ndizi. Kijana mwenye sare ya ulinzi ananyoosha shati lake kwa kiganja, maana anaingia kazini saa kumi na mbili. Hakuna anayepumua. Pumzi zao wamezishika mikononi, wengine kwenye mifuko ya nailoni waliyoifunga fundo.

Natazama juu. Roho zao ziko juu. Zimebanana kwenye dari, kila moja kama andazi, zinagongana polepole. Hazitoi sauti. Mwanamke aliyekaa kidato cha ishirini roho yake haiko darini, ameishika mkononi, ameifunika kwa upande wa khanga.

"Tangu lini mko hapa?" namuuliza.

"Mimi tangu Zaituna alipofiwa na mume. Wengine wamekuja juzi."

"Gesi ikilipuka?"

"Sisi tuko chini yake," anasema. "Wewe ndiye unajua."

Sijui.

Najaribu kuwahesabu, nakoma kwenye mia mbili. Nilikuwa nikiiona ile namba ya wasomaji kwenye simu, watu elfu mbili na mia tatu, nikaifurahia kama namba. Sikujua ni watu wenye magodoro.

Nakanyaga kidato cha chini kabisa, na hapo ngazi zinakuwa ofisi. Ni chumba chenye benchi, kalenda ya mwaka mwingine na dirisha dogo la kioo. Nyuma ya kioo amekaa karani mwenye miwani, jina lake limeandikwa kwenye kibao: Fotunata. Anafungua jalada langu.

"Unaomba nini?"

"Sehemu ya arobaini na mbili."

Anapitisha kalamu kwenye fomu. "Hatari, ipo. Muda, unakwisha. Adui, yupo, ingawa anacheka mno. Kitakachopotea." Anainua macho. "Hapa hujajaza."

"Uhai wake. Zaituna anaweza kufa."

"Hutamwua. Yeye ndiye mjane aliye kwenye jina la simulizi, na una mpango wa kufika sehemu ya tisini. Hata watoto wanajua. Nauliza kitu kinachoweza kupotea kweli."

"Sina."

"Unacho," anasema mtu nyuma yangu.

Nageuka. Kwenye benchi amekaa mzee mwembamba, kofia magotini, pumzi yake ameifunga kwenye leso. Sijawahi kumwona, ila namjua. Ni Mzee Kiondo, mpima ardhi mstaafu wa Korogwe. Kila ninapoweka sehemu mpya yeye ndiye wa kwanza kuacha maoni, na huandika kwa nukta na mkato kamili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Uniwie radhi kwa kukukatiza. Ni hicho cherehani."

Najifanya sijasikia.

"Zaituna ana cherehani cha kukanyaga kwa miguu," Mzee Kiondo anamweleza karani, taratibu, kama anayeonyesha mpaka wa shamba. "Nyumba iliungua sehemu ya tano, cherehani kilikuwa kwa jirani. Mafuriko ya sehemu ya kumi na saba, kilikuwa juu ya meza. Shemeji amebeba mpaka mwiko, cherehani hakukiona. Mwandishi, hakijawahi hata kukatika uzi. Mimi nikikiona chumbani najua hakuna baya litakalotokea, nakwenda kulala. Ninampenda Zaituna, lakini ninalala."

"Ni cha mama yangu," nasema.

Karani anaweka kalamu chini.

Nawaambia. Mama alikuwa fundi wa nguo Tukuyu. Kwa hicho alishona sare za nusu ya watoto wa mtaa wetu. Alipofariki, ndugu wakagawana vitu, cherehani kikachukuliwa na mtu aliyekuja na gari, na mimi nilikuwa shule. Sikukiaga. Kila kitu kingine kwenye simulizi nimekitunga. Hicho sikukitunga. Nilikiweka mle ili kiwe na mahali.

Mzee Kiondo anakunja leso yake. "Pole," anasema. "Nilidhani ni kusahau tu."

Fotunata anaandika neno moja kwenye fomu, cherehani, anagonga muhuri, na muhuri unapogonga meza sisi sote tuko jikoni.

Cherehani kiko pale chini ya dirisha. Sijui kilifikaje, lakini hakuna anayeshangaa. Ni kile kile, na mchubuko mweupe kwenye ukingo ambapo Mama alikuwa akiegemeza mkasi. Zaituna anatetemeka sasa. Njiti imesogea. Kati yake na ubavu wa kiberiti hapapiti unywele.

"Tuse," kinasema cherehani. Hakina sauti ya Mama. Kina sauti ya chuma. "Usinitazame hivyo. Mimi ni mashine."

"Nitakuweka wapi tena?"

"Mimi sijui mambo hayo. Najua kushona na najua kuwa mzito. Leo anahitajika mzito."

"Mama yako alinishonea gauni langu la harusi kwenye hicho," anasema Zaituna. Sikuwahi kuandika hivyo. Machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta. "Usinichague mimi, dada. Mimi nitasimama tu. Nimeshazoea."

Hapo ndipo ninapoogopa kweli. Si mlipuko. Naogopa kwamba angesimama kweli, mkono juu, wiki, mwezi, na watu wale ngazini wangeondoka mmoja mmoja na magodoro yao, bila kelele, na asingebaki wa kumwona.

Nashika upande mmoja. Mzee Kiondo anashika mwingine, kofia ameupa mtungi. Ni kizito kuliko ninavyokumbuka. Tunahesabu moja, mbili. Kwenye mbili nasimama, najifuta viganja kwenye gauni, nagusa ule mchubuko wa mkasi. Mzee anasubiri. Hanihimizi.

Tatu.

Kioo kinapasuka chote mara moja. Cherehani kinapita, na kwa muda kinazunguka hewani kama lilivyozunguka gurudumu lake Mama alipokuwa na haraka. Kisha kinashuka. Ghorofa ya pili. Ya kwanza. Ngazini watu wamesikia, na mama wa ndizi ameacha kumenya.

Kinapofika chini, jengo zima linaachia pumzi. Upepo wa pumzi elfu mbili unapanda ngazi, unapita jikoni, unatoka na gesi yote dirishani. Roho zinateremka kutoka darini, kila moja inamtafuta mwenyewe.

Zaituna anashusha mkono. Unashuka kidogo kidogo, kwa mlio wa mlango mkavu. Anaiweka njiti kwenye kiberiti chake, anakifunga, anakaa chini sakafuni na kulilia cherehani kwa sauti, na ngazini nasikia wanalia pamoja naye, watu ambao hawakuwahi kumjua mama yangu, wanamlilia.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na robo. Shavu lilikuwa na alama za kitambaa cha kochi, na wifi yangu alikuwa anaosha vyombo uani. Kisha nikachukua simu niandike kabla sijasahau.

Sehemu ya arobaini na mbili ilikuwa haina hata neno. Ukurasa mweupe, kama nilivyouacha Alhamisi. Habari za cherehani sijawahi kumsimulia mtu, hata wifi.

Chini ya sehemu ya arobaini na moja, katikati ya herufi kubwa za watu, palikuwa na maoni mapya ya Mzee Kiondo wa Korogwe, ya saa kumi na dakika mbili. Nukta na mkato vimekaa mahali pake.

"Pole, mwanangu, kwa cherehani cha mama. Mkono wangu wa kushoto bado unauma, lakini sijuti."

Nikaandika, "Nimeshapoa, mzee wangu." Nikakitazama nilichoandika. Nikakifuta, kwa sababu sikuwa nimepoa, nikaanza sehemu ya arobaini na mbili.