Mshono Uliopinda

Fundi cherehani alikuwa na saratani ya tumbo, na daktari hakuwazungusha yeye na mkewe: kwanza dawa ya kuusinyaza uvimbe, ndipo kisu. "Ila mzee akikonda sana simpasui. Kwa umri wake atafia mezani."

Mkewe aliyashika maneno hayo kuliko yote. Kila dripu ilipoisha mzee alitapika hata maji, na suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamvuka. Mama akaona upasuaji unaponyoka hivi hivi. Basi mumewe alipolala, akafumua bitana ya koti la mzee, akapanga humo vile vyuma vidogo vinavyotiwa chini ya mapazia yasipeperuke, akashona. Maisha yote mzee alikuwa akimkebehi: "Wewe shona matambara ya jikoni, mke wangu. Nguo za watu niachie mimi." Safari hii hakumwomba ruhusa.

Dawa ilimfanya mzee asivumilie baridi. Hata kijiko kilimchoma vidole. Nesi akamhurumia, akampima uzito na koti lake mwilini.

"Babu hapungui! Bibi, unampikia nini?"

"Mapenzi," mama alijibu, wakacheka wote. Mzee akazidi kukonda, mama akazidi kuongeza vyuma.

"Koti hili limekuwa zito," mzee alilalamika siku moja njiani.

"Ni uchovu tu, baba watoto."

Siku ya upasuaji wakamvua kila kitu, wakampandisha kwenye mizani na gauni la hospitali. Nesi alitazama, akaenda kumwita daktari. Daktari hakufoka, na afadhali angefoka.

"Uvimbe umesinyaa vizuri sana," alisema. "Lakini dawa hii tunaipima kwa uzito wa mgonjwa. Siku zote hizi tumempa kipimo chake na cha koti lake. Imemmaliza. Siwezi kumpasua tena."

Akalitupa koti kitandani, vyuma vikalia. "Nani kafanya hivi?"

Mama akamtazama mumewe kwa macho ya kuomba. Mzee angesema tu ni yeye mwenyewe, nani angembishia fundi?

Mzee akalivuta koti, akapitisha vidole vyake vyenye ganzi juu ya bitana, akainama kuangalia. Akacheka kidogo, kama alivyozoea kucheka dukani.

"Si mimi," alisema. "Mimi sijawahi kupindisha mshono."