Kuku wa Usaili

Barua ya chuo ilipofika, mume wangu Osmund aliisoma mara tatu kwa sauti, na mara ya nne akaisoma amesimama. Chuo alichosoma zamani, kule kaskazini, kilikuwa kimepata wafadhili wa kumsomesha kijana mmoja kutoka kila mkoa, na waombaji wa Ruvuma walitakiwa kusailiwa na mhitimu anayeishi Songea, nyumbani kwake. Mhitimu mwenyewe ndiye huyu. Shirika lililomwajiri lilibinafsishwa, naye akapunguzwa kazi. Tangu hapo alikuwa anauza mashati ya mitumba pale Majengo. Lakini baada ya ile barua ukimwita mfanyabiashara ananuna.

Wiki tatu nzima nilimvumilia. Alichagua suti kwenye robota lake, suti ya mtu mnene kumzidi, akaanza kujizoeza kukaa. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitano anajizoeza kukaa kwenye kochi lake mwenyewe, hapa Ruhuwiko, mguu juu ya mguu na kidole shavuni.

"Mama Valence, mimi mtu nitamjua kwa macho," aliniambia. "Asiyenitazama machoni hajiamini."

Nilimkumbusha kwamba yeye akienda kwa baba yangu hutazama sakafu muda wote kama aliyedondosha sindano. Akasema ile ni heshima, hili ni jambo la kisomi.

Niseme na langu, lisije likaonekana nalificha. Osmund tulisoma naye darasa moja. Mimi nilikuwa wa pili, yeye wa kumi na tisa. Nilipopata mimba ya Valence, mimba ya Osmund huyu huyu, mimi nilifukuzwa shule na yeye akaenda chuo. Jambo hilo halijawahi kunitoka moyoni, na siku ile ya usaili lilikaa nami sebuleni.

Jumamosi hiyo walikuja waombaji wanne, wawili kati yao wa kupita tu. Waliobaki walikuwa Remmy, kijana wa bwana mmoja mkubwa wa ofisi za mkoa, na Oliva, binti wa wakulima wa mahindi kutoka Maposeni.

Oliva alifika saa moja asubuhi, saa tatu nzima kabla ya zamu yake. Hakugonga mlango wa mbele. Alizungukia jikoni, akapiga magoti, akanipa shikamoo, kisha akanipa mtetea aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Nikampokea kwa mikono miwili. Kwetu Ungoni mgeni haji mikono mitupu, na kuku wa mgeni hupokelewa na mama mwenye jiko. Kumkataa ni kumtukana aliyemtuma. Mama yake alikuwa na mitetea wawili tu, huyu ndiye aliyekuwa anataga.

"Mama, ataniuliza nini?" aliniuliza. "Nikikosa hapa, baba anasema nikalime. Nafasi nyingine sina."

Nilimwambia akitulia atajibu vizuri. Nilimwambia hivyo nikijua fika ni nani anayemsubiri kwenye kochi.

Remmy aliletwa kwa Land Cruiser. Aliingia, akakaa kabla ya kukaribishwa, akamwita mume wangu anko. Mimi nilikuwa pembeni nafuma kitambaa, maana chuo kiliagiza mtu mzima wa pili awemo chumbani kama shahidi. Osmund akamuuliza kwa nini anataka kusoma biashara.

"Anko, sasa hivi ni soko huria," alisema Remmy. "Dunia inakwenda spidi."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote, nikalisubiri liendelee, halikuendelea. Osmund akaitikia kwa kichwa kama padri aliyesikia maungamo mazuri. Nusu saa iliyobaki walizungumzia gari. Wakati wa kuagana Remmy akasema baba yake anatafuta mtu wa kuleta sare za madereva wa ofisi, na Osmund akamsindikiza mpaka nje, akamfungulia na mlango wa gari.

Oliva aliingia akiwa amevua viatu. Akapiga magoti, akasalimia, akakaa ukingoni mwa kiti na macho yake akayaweka kwenye zulia, kama binti yeyote aliyelelewa vyema akiwa mbele ya mtu mzima. Nikamwona Osmund anaandika kitu.

"Nieleze udhaifu wako mkubwa," akasema.

Sijui nani alimfundisha swali hilo. Kwetu udhaifu wako humwelezi mtu uliyekutana naye sasa hivi, labda awe padri au mganga. Oliva akasema polepole kwamba yeye ni mbishi. Wanunuzi binafsi walikuja kijijini na mizani yao wenyewe, na kila gunia likawa linapungua. Wazee wakalalamika chini chini. Yeye akaenda parokiani, akaazima mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo hamsini kama ulivyoandikwa, akausukuma kwa toroli mpaka kwa wale wanunuzi na kuuweka kwenye mizani mbele ya kijiji kizima. Mizani ikasoma arobaini na tatu.

"Wakaondoka siku hiyo hiyo," alisema. "Baba alinigombeza kwa kuwaaibisha wageni."

Nilikuwa nimeacha kufuma. Mume wangu alikuwa anatazama saa.

Mchana nilipakua ugali na kuku. Osmund alikula huku fomu ikiwa kando ya sahani. Remmy alimpa tisa kati ya kumi, Oliva nne. Nilimuuliza hiyo nne ni ya nini.

"Hajiamini. Hata machoni hakunitazama."

"Na saruji je?"

"Saruji gani?"

Hasira ilinipanda. Nikamwambia kuku anayemla ni wa Oliva.

Aliacha kutafuna. Kisha, hamtaamini, uso wake ukachangamka. "Basi hapo amejimaliza. Fomu inakataza zawadi. Naandika alitaka kunihonga."

"Andika. Na chini pale unapothibitisha kwamba hukupokea kitu, andika paja la pili umelila saa ngapi."

Niliivuta fomu niione vizuri. Hapo ndipo nilipokuta sehemu ambayo hakunitajia: maoni ya shahidi, mistari kumi. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kutaka maoni yangu kwa maandishi. Nilichukua kalamu, nikaandika habari ya saruji, kilo kwa kilo. Nikaandika na soko huria la Remmy, neno kwa neno, halikujaza hata mstari. Nikaandika kuhusu sare za madereva. Mwisho nikaandika kwamba kuku aliletwa jikoni kwa desturi, nilimpokea mimi, na mhitimu alimla bila kuuliza ametoka wapi.

"Mama Valence, utaniaibisha," alisema.

"Nitazame machoni uniambie yule binti alistahili nne."

Alitazama mifupa. Kisha akafuta ile nne, akaandika tisa, akatia sahihi. Jumatatu bahasha niliipeleka posta mwenyewe.

Oliva alichaguliwa. Mwezi wa tisa alikuja kuaga, akapita jikoni kama kawaida, na mtetea wa pili mkononi. Osmund alitoka sebuleni amefunga tai.

"Binti, mimi nilikuona mapema," alimwambia. "Siku ile ile nilijua."

Oliva akamshukuru, macho chini. Ya Osmund yalikuwa kwa kuku.