Mpangilio wa Kasi

Miaka saba iliyopita nilishinda mabishano, na sijawahi kushinda jambo lililokuja kuniumiza kama hilo.

Mabishano yenyewe yalihusu kitu ambacho majirani zangu hapa Korumburra, mji mdogo wa Australia, wangesinzia kabla sijamaliza kukieleza. Mimi ni mmoja wa watu wanaotengeneza mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski ya kompyuta. Ndani yake kuna daftari. Kabla kompyuta haijabadilisha kitu, huandika humo inachotaka kufanya, ili umeme ukikatika ghafla ijue pa kuanzia ikiwashwa tena. Swali lilikuwa moja: kwa mtu asiyegusa mipangilio, yaani karibu kila mtu, iandike vipi? Iweke kwanza yaliyomo kwenye faili, ndipo iandike daftarini kwamba faili ipo? Hiyo ni salama, ila polepole. Au iandike jina na ukubwa wa faili hapohapo, na yaliyomo yafuate ikipata nafasi? Hiyo ndiyo kasi.

Ingo, mwenzangu wa Adelaide, alitaka usalama. Tulibishana kwa simu asubuhi nzima.

"Bron, dada yangu, umeme ukikatika katikati mtu atakuta jina tu, ndani hamna kitu."

"Sekunde chache hizo, Ingo. Umeme uvizie sekunde hizohizo? Acha woga."

"Na ukivizia?"

"Anayetaka usalama si abadilishe mwenyewe? Imeandikwa kwenye maelezo."

"Nani anasoma maelezo? Wewe ya mashine yako ya kufulia umeyasoma?"

Nilicheka, nikamtumia jedwali la majaribio lililoonyesha jinsi tulivyowaacha wengine mbali. Kura zikapigwa, kasi ikapita. Malalamiko yalipoanza kuja niliyajibu kwa maneno mawili tu, kwa kiburi ambacho leo ninakijutia: soma maelezo.

Watengenezaji tuna mwiko wetu. Unachowapa watu, nawe ukitumie hivyohivyo kilivyo. Kuirekebisha mashine yako kimyakimya ni aibu, ni sawa na mpishi anayekwenda kula kwa jirani. Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani niliiacha na kasi yake, tena kwa majivuno.

Mume wangu Des ametangaza mechi za ligi ya wilaya redioni kwa miaka ishirini na sita. Mwezi wa tano mwaka huu daktari alimwambia ana saratani ya koo, na kikoromeo chote kitatolewa, sauti iende nacho. Kliniki ikatupa tumaini moja. Arekodi sentensi zake mahali palipotulia, programu ijifunze sauti yake, na baada ya upasuaji akichapa maneno itayasema kama yeye. Kanda za redio hazikufaa kitu, zimejaa honi na kelele za mashabiki.

Alirekodi siku tisa, amejifungia kwenye kabati la nguo katikati ya makoti. Alipomaliza za kliniki akaongeza za kwake.

"We bibie, hilo birika linajichemsha lenyewe?"

"Des, na hiyo umeirekodi?"

"Sasa nitakutuma kwa sauti ya nani? Na hii hapa: refa, mkeo anajua kama huoni?"

Sauti ilishaanza kukwaruza, na kila baada ya sentensi tatu alikunywa maji. Zilifika mia tatu na arobaini. Nilizipenda zote, hata zile za matusi.

Siku ya mwisho, mchana, mabegi yakiwa tayari kwenye gari kwa safari ya Melbourne, niliendesha kwenye kompyuta ile programu ya kuondoa mvumo wa chinichini, ili tuzitume kliniki zikiwa safi. Ilisoma kila faili, ikaandika mpya, ikaiweka mahali pa ile ya zamani, zote ndani ya sekunde chache. Ilipomaliza tu, upepo uliangusha mkaratusi juu ya nyaya za barabarani, na nyumba nzima ikazima.

Des akachungulia mlangoni. "Bron, zipo lakini? Maana simu yangu ina chaji. Naweza kuzirudia garini, au hata hospitalini kesho."

Koo lilikuwa linamuuma. Nilimwonea huruma, tena nilikuwa na uhakika.

"Zipo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi ya daftari. Pumzisha koo, mpenzi."

Akanyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze. Keshokutwa yake asubuhi walimpasua.

Tulirudi nyumbani baada ya siku kumi na saba, Des ana tundu shingoni na kibao cha kuandikia mkononi. Niliwasha kompyuta hata kabla ya kuvua koti. Mafaili yalikuwepo yote mia tatu na arobaini, kila moja na jina lake, na ukubwa wake sawasawa. Nikafungua la kwanza. Mstari ukasogea kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, na hatukusikia chochote. La pili vilevile. La ishirini vilevile. Nilipoangalia ndani nikakuta sifuri tupu. Daftari liliandika majina kama nilivyoliagiza, yaliyomo hayakuwahi kufika, na yale ya zamani yalikuwa yameshafutwa.

Des, aliyesimama nyuma yangu, alinyoosha mkono akaongeza sauti ya spika. Akaongeza tena, mpaka mwisho.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu Ingo, jedwali na kura. Nilimwambia kwamba hiki si kitu kilichoharibika, ni kitu kinachofanya kazi nilivyotaka. Nililia kwa sauti, jambo ambalo yeye hawezi tena, na hilo nalo likanitia aibu. Nikasema wiki hii hii nitabadilisha mpangilio, hata kama nitapigana na kila mtu. Mpangilio mpya utaingia kwenye mashine mpya, zilizokwisha kuuzwa zitabaki na ule wa zamani, lakini angalau itakuwa mwanzo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwenye kibao: *Ngapi?*

"Mia tatu na arobaini," nikasema. "Zote, Des. Haikubaki hata moja."

Akatikisa kichwa. Akafuta kwa kiganja, akaandika upya: *Watu wangapi?*

Nilitazama ule mwandiko. Mfumo wetu uko mashuleni, zahanatini, kwenye kompyuta za watu wanaohifadhi picha za marehemu wao. Wengi hawakulalamika kamwe, walidhani wamekosea wenyewe. Waliolalamika niliwajibu mimi.

"Sijui," nikamwambia.

Aliendelea kukishika kibao mbele yangu, akingoja jibu.