Mtu wa Nyumbani

Saa mbili na nusu asubuhi, katikati ya Desemba, mwanamke alikuwa amesimama mvuani nyuma ya ukumbi wa kanisa, Ikuti, ameugeukia ukuta. Mkononi alikuwa na bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

Najat alimwona dirishani. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Mombasa, amevuka mpaka na wenzake kuja kujitolea kwenye kambi ya macho wakati wa likizo. Kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko cha wenzake wote, ndiye aliyezungumza na wagonjwa. Watu walimwita daktari, naye alikuwa ameacha kuwasahihisha.

Mbele yake aliketi Mzee Meshaki, mkulima wa migomba, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Jirani yake, Erasto, ndiye aliyemwongoza. Mzee alifaa kupasuliwa, na gari la kwenda hospitali Mbeya lingeondoka kesho yake. Lilibaki sharti moja: kila mgonjwa afuatane na mtu wa nyumbani, wa kumuuguza wodini na kumtia dawa za macho. Erasto alisema atakwenda yeye. Najat akamweleza kwamba jirani si mtu wa nyumbani. Mke wa mzee alikuwa amefariki, mwanawe yuko machimboni Chunya. Aliyebaki ni mke wa huyo mwana, Sekela. Erasto alionyesha dirisha kwa kidevu: yule pale, amemletea mzee chakula.

Najat alitoka nje kumchukua.

"Siwezi kuingia, daktari," Sekela alisema. "Baba mkwe yumo."

Najat alimsikia vizuri. Kwao nako wakwe huheshimiwa; mtu huinamisha macho na kupunguza sauti. Alichukulia kwamba ni heshima hiyohiyo, imezidi kidogo tu. Alimwambia ni kwa ajili ya macho ya mzee, akamshika mkono, akamwingiza hadi mbele ya kiti cha Mzee Meshaki na kumtia kichupa cha dawa kiganjani, aonyeshe namna ya kudondosha.

Kichupa kilianguka. Sekela alijifunika kanga kichwa kizima na kuchuchumaa palepale. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakageuza nyuso. Mzee aliuliza jambo kwa Kinyakyusa, akauliza tena, mpaka Erasto akamnong'oneza. Ndipo akanyanyuka na kupapasa kuutafuta mlango.

Baadaye Erasto alimweleza Najat kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe. Wengi siku hizi wameacha, lakini nyumba ile haijaacha. Chakula huwekwa kizingitini, na mzee hukohoa kabla ya kupita uani.

"Kwani kwenu Mombasa hamna wakwe?" aliuliza. Hakuwa anatania.

Kesho yake asubuhi Najat alimfuata Erasto hadi kwa mzee. Walimkuta amekaa barazani. Alimwamkia, akaomba radhi, akasema kiongozi wa kambi amekubali Erasto awe muuguzaji na gari litapita saa nne.

Mzee alimwacha amalize.

"Kiswahili chako kizuri, mwanangu," alisema. "Kimemvua nguo mke wa mwanangu mbele ya watu."

Najat alitazama viatu vyake.

"Miaka tisa ananipikia. Tangu jana hajawasha moto, hajafungua mlango. Niende nikafunguliwe macho, nikirudi nikute nyumba haina mtu? Akiwasha moto, nitapanda gari."

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba. Najat alisimama mlangoni, akasema kosa lilikuwa lake, kwamba aliambiwa na hakusikiliza. Ndani, miguu ilisogea mbali na mlango. Alirudia maneno yaleyale, taratibu zaidi.

Gari lilifika saa nne. Kiongozi wa kambi alimuuliza Najat mgonjwa wake yuko wapi.

"Hatakuja," alisema. "Nilimvuta mkwe wake kwa mkono, nikamleta mbele yake. Yeye alikuwa ameniambia hawezi kuingia."

Dereva alisubiri nusu saa, injini imezimwa. Erasto alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wake wa safari. Najat alikuwa akitazama paa la jiko lililoonekana juu ya migomba.

Saa nne na nusu gari liliondoka, viti viwili vitupu. Juu ya paa hapakuwa na moshi.