Waifai ya Chumba cha Mbele

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo walimpa wateja kwa sababu hakuna kifungo kilichowahi kudondoka kwenye nguo iliyopita mikononi mwake. Tangu mumewe afariki, alikuwa pia mwalimu. Kila siku saa kumi alasiri aliegemeza simu kwenye kopo la nyuzi, na wanawake tisa, kila mmoja kwake, wakamtazama akikata kola na kupachika mikono ya magauni.

Tatizo lilikuwa waifai. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeishi na mama yake vyumba vya nyuma vya nyumba ileile. Na shemeji alikuwa na tabia moja mbaya: akinuna, anabadilisha neno la siri. Siku hizi alinuna karibu kila wiki, maana alitaka chumba cha mbele, chumba cha cherehani, akifanye duka la vipuri vya pikipiki.

"Sihami," Mama Vifungo alimwambia. "Chumba hiki aliniachia kaka yako, na karatasi ninayo."

"Haya. Tutaona hao wanafunzi wako utawafundisha kwa njia gani."

Kesho yake mtandao ulikatika katikati ya somo, mkasi ukiwa hewani. Mama Vifungo hakulia, wala hakwenda kubembeleza. Alivaa viatu, akaenda hadi ofisi ya intaneti, akajiandikisha kwa jina lake mwenyewe.

Fundi mitambo alikuja siku ya tatu, kabla ya adhuhuri. Akatoboa ukuta, akapitisha waya, akaweka boksi la ruta mezani. Kisha akaangaza macho chumbani.

"Mwenye nyumba yuko wapi nimwelekeze?"

"Unaongea naye."

"Namaanisha baba, mama. Haya mambo yana mlolongo wake."

Hapo hapo shemeji akatokea mlangoni, akamvuta fundi pembeni. Mama Vifungo aliambulia maneno mawili matatu: "mjane wa kaka", "familia hatujakubaliana". Fundi akakunja ngazi yake.

"Mkishaelewana mtanipigia," akasema, akaondoka bila kumtazama usoni.

Shemeji akacheka. "Usijali, hilo boksi litakufaa kuwekea vifungo."

"Saa kumi nina darasa. Nipishe nifanye kazi."

Alifunga mlango, akavaa miwani ya kutungia uzi, akafungua kijitabu cha maelekezo. Ruta hakuwahi kuigusa maishani. Lakini hata cherehani yake ya kwanza ilikuja na kijitabu, na hakuna mwanamume aliyemsomea.

Akachomeka umeme. Taa moja ikawaka kijani, nyingine nyekundu. Akachomeka waya uliotoka ukutani; nyekundu. Akazima, akawasha, nyekundu vilevile. Saa nane ikapita, jasho likimtoka. Kutoka uani alimsikia shemeji akiangua kicheko kwenye simu, akajua anayechekwa ni yeye.

"Cheka," alinong'ona. "Cheka mpaka mbavu ziume."

Akaigeuza ruta kama anavyogeuza gauni kutafuta mshono uliokosewa. Nyuma kulikuwa na matundu matano: manne ya njano yamepangana, na moja la bluu kando, peke yake. Waya wake alikuwa ameuchomeka kwenye njano! Akauhamisha, akasubiri. Taa nyekundu ikapepesa, ikazimika, ikawaka kijani.

"Ehee! Kumbe!"

Jina na neno la siri la kiwandani vilikuwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Akaviingiza kwenye simu, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Ulitaka neno jipya la siri. Akaandika refu, ambalo shemeji asingelikisia ng'o. Kisha ukamwuliza mtandao wake uitweje. Akasita. Jina hilo lingeonekana kwenye simu za nyumba nzima, na za majirani pia. Akaandika kwa herufi kubwa: SIHAMI.

Haikupita robo saa, mlango ukapigwa ngumi.

"Jina gani hili?" Shemeji alikuwa amevimba kama andazi. "Majirani wananiuliza! Libadilishe sasa hivi!"

"Silibadilishi. Wiki nzima nimekwambia kwa mdomo, hukusikia. Sasa soma."

"Nitamwambia mama!"

"Mama yupo hapa," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa mama mkwe, simu mkononi. Mama Vifungo alijikaza, maana mkwewe hakuwahi kumpinga mwanawe hata siku moja. Bibi yule alimpita mwanawe kwa bega, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Juzi nilikuwa naongea na dada yangu, mgonjwa, ukanikatia katikati ya neno ili umkomoe huyu," alimwambia. Kisha akamgeukia Mama Vifungo. "Niunganishe kwenye yako, mwanangu."

"Mama! Hata wewe?"

"Hata mimi sihami. Nimeshakaa."

Mama Vifungo alijua shauri la chumba halijaisha. Shemeji angeitisha kikao, angeleta wajomba, angeanza upya. Na aanze. Saa kumi ilikuwa imefika, na nyuso tisa zilikuwa zinajitokeza kwenye kioo cha simu, moja baada ya nyingine, safi bila kukwama.

"Shemeji, unanizibia mwanga," alisema.

Shemeji akasogea. Mama Vifungo akatandaza kitambaa, akashika mkasi.